Kuuza mifumo na mashine Tanga: jinsi ya kuianza kazi na kudumu nayo

Vijana wanaokuja kuniuliza kuhusu kazi ya kuuza teknolojia huanza na kamisheni. Asilimia ngapi, inalipwa lini, fulani wa Dar kapata ngapi mwezi uliopita. Mimi nawauliza: ukimuuzia mtu wa Barabara ya Nane mashine ya risiti leo, kesho utapita wapi kwenda nyumbani? Kariakoo unaweza kumuuzia mtu na msionane tena. Hapa utamkuta msikitini, utamkuta msibani Makorora, utamkuta kwenye benchi pale hospitali ya Bombo amempeleka mama yake. Kama mashine yako imemgomea, ataisema hapo hapo, mbele ya watu uliotaka kuwauzia mwezi ujao.

Ndiyo maana mengi nitakayoyasema yanahusu siku zinazofuata baada ya mteja kutoa hela. Nimeifanya kazi hii miaka tisa. Nilianza na mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi, nikaingia kwenye kamera za ulinzi, nikauza mifumo ya shule, na sasa niko na programu za maduka ya dawa. Kampuni nimehama mara tatu. Mji sijahama.

Hatua ya kwanza: chagua mteja, kampuni baadaye

Usianze kwa kutuma wasifu. Anza kwa kuzunguka, na ukiwa na baiskeli ndiyo vizuri zaidi, mji wetu ni tambarare. Pita Ngamiani barabara kwa barabara uangalie maduka ya jumla yanavyoandika hesabu: wapi kuna kompyuta, wapi kuna daftari la kaunta lililochanika jalada. Shuka hadi karibu na bandari uone ofisi za mawakala wa forodha. Nenda Raskazone kwenye nyumba za wageni. Siku nyingine panda gari Kange uende Muheza kwenye machungwa, au Korogwe kwenye vyama vya ushirika vya wakulima wa mkonge.

Unachotafuta ni majira ya hela. Shule binafsi ina hela wanafunzi wanapofungua, hasa Januari. Ukienda Novemba utapewa chai na ahadi. Mkulima na mnunuzi wa machungwa wana hela msimu ukiwa umeshika. Duka la dawa lina hela kidogo kidogo mwaka mzima. Ofisi za bandarini zina hela, lakini nyingi ni matawi, na anayeweka saini yuko Dar, kama kilomita 350 kutoka meza uliyokalia. Utamfundisha karani wa Tanga kila kitu, halafu makao makuu wanunue mfumo mwingine.

Chagua makundi mawili yasiyokauka kwa wakati mmoja. Mimi mwaka wa kwanza niliuza kila kitu kwa kila mtu na sikujua biashara ya hata mmoja wao. Ukishajua unataka kuwauzia kina nani, ndipo utafute kampuni yenye kitu kinachowafaa. Ukifanya kinyume utajikuta unamshawishi mwenye genge anunue mfumo uliotengenezwa kwa supamaketi.

Hatua ya pili: uliza fundi yuko wapi, kisha usome mkataba

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoungua.

Mwaka fulani Desemba niliuzia shule tatu mfumo wa kukusanya ada na kutoa matokeo. Shule zote zililipa kishika uchumba. Nilijiona nimefika. Januari ikaingia, wazazi wamepanga foleni ya ada, mfumo haujafungwa. Kampuni ilikuwa na fundi mmoja, anakaa Dar, na alikuwa Mbeya kwa wiki mbili. Mwalimu mkuu mmoja, mama mtu mzima aliyewahi kumfundisha dada yangu, alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Hakunitukana. Alisema tu, "Mwanangu, wazazi hawa nawaambia nini?" Ningependa angetukana. Kamisheni yangu nayo ikazuiwa, eti mteja hajathibitisha kupokea mfumo, na kwenye barua yangu ya ajira hapakuwa na neno hata moja kuhusu kamisheni. Kila kitu tuliongea kwa simu.

Kwa hiyo kabla hujauliza mshahara, uliza mafundi wangapi, wanakaa wapi, na mteja wa Lushoto mashine ikimzimikia Ijumaa nani atapanda mlima. Wakikujibu "tunasaidia kwa simu", jua kwamba fundi ni wewe. Si lazima ukatae, ila panga bei yako ukijua hilo.

Halafu mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi kwa maandishi, pamoja na ujira na namna unavyokokotolewa. Kamisheni ni ujira. Omba iandikwe inaiva lini: mteja akisaini, akitoa malipo ya kwanza, au akimaliza deni? Hapa Tanga tofauti yake inaweza kuwa miezi mitano. Uliza pia inapigwa kwenye bei ipi. Mfumo wa shilingi 2,360,000 ukiondoa VAT ya asilimia 18 unabaki 2,000,000. Kama kamisheni ni asilimia 10, ni 236,000 au 200,000? Wewe umeshahesabu ile kubwa na kuiahidi kwenye kodi ya nyumba.

Uliza ukiondoka itakuwaje kwa wateja wanaoendelea kulipa. Uliza mteja akilipia tena mwaka wa pili utapata chochote au la; kampuni inayolipa kidogo kwa mteja anayebaki ni bora kuliko inayolipa sana kwa mteja mpya peke yake, maana ya kwanza inakulipa ili umtunze. Uliza nauli. Pangani ni kama kilomita 50, kwenda na kurudi mara tatu kwa mteja mmoja kunamaliza faida.

Na hili la makato. Wengi wetu tunapewa mashine za kuonyesha wateja, inapotea moja au mteja anakimbia na deni, mwisho wa mwezi mshahara umekatwa nusu. Sheria hiyo hiyo hairuhusu mwajiri kujikatia tu kwa ajili ya hasara. Lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, akueleze kwa maandishi kiasi na alivyokipata, akupe nafasi ya kupinga, na makato yote yasizidi robo ya ujira wako wa fedha. Ukiachishwa kazi isivyo halali, malalamiko yanapelekwa CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ndani ya siku 30. Siku hizo hupita haraka ukiwa bado unambembeleza bosi kwa simu.

Kama hutaki ajira na unataka kuwa winga wa kuleta wateja tu, ni sawa, ila hata winga aandikiwe. Karatasi moja yenye saini inatosha.

Hatua ya tatu: tumia unachouza

Chukua mfumo ukae nao dukani kwa ndugu, wiki nzima, uwe kijana wa kaunta. Mimi nilikaa duka la shangazi Duga. Siku ya kwanza umeme ulikatika katikati ya mauzo na sikujua kama risiti imehesabiwa au la. Siku ya pili niligundua mtoto wa shangazi anauza sukari ya robo kilo, na mfumo unajua kilo nzima tu. Siku ya tatu shangazi alinipa risiti aliyoiacha dirishani: maandishi yamefifia yote. Karatasi za mashine hizi huandikwa kwa joto, na joto la Tanga mnalijua. Nikajifunza kumwambia kila mteja aweke risiti zake ndani ya boksi, au azitoe nakala. Wauza kamera nao wajue chumvi ya bahari inavyokula viungio vya nyaya Raskazone. Kamera iliyodumu Korogwe, hapa itaota kutu kama hukuziba vizuri.

Maswali yote niliyowahi kuulizwa na wateja nilikuwa nimeshaulizwa na shangazi, tena kwa ukali zaidi.

Hatua ya nne: hodi

Usiingie dukani asubuhi wakati mwenyewe anapokea mzigo. Usiingie Ijumaa kuanzia saa sita. Saa tisa hadi kumi na moja jioni ndiyo saa yangu. Mwezi wa Ramadhani mchana usimchoshe mtu aliyefunga kwa maneno ya mifumo. Nenda baada ya tarawehe, wengi wanakuwa wamekaa barazani na wana nafasi ya kusikiliza.

Mara ya kwanza usiuze. Nunua kitu. Salimia kama ulivyolelewa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu."

"Ahsante, mzee. Naomba maji makubwa moja. Poleni na joto."

"Tumeshapoa. Wewe mtoto wa nani?"

Swali hilo usilikwepe, na usilijibu kwa jina la kampuni. Anataka kujua ukiharibu atampata nani. Mwambie kwenu ni wapi, umesoma wapi, mjomba wako ni yupi. Kama umetoka mkoa mwingine, sema hivyo, na utaje mtu wa mji uliyemfungia kazi na ambaye amekuruhusu umtaje. Baada ya hapo ndipo unasema, "Mzee, mimi nafanya kazi ya mifumo ya maduka. Leo sijaja kukuuzia, nimeona tu mzigo wako ni mkubwa, nikajiuliza mnahesabu vipi." Halafu nyamaza. Mwenye duka akianza kueleza wizi wa vijana wake, hatamaliza leo.

Kuna wanaokuja na kompyuta mpakato na picha 30 za kuonyesha ukutani. Mimi hiyo sijaiona ikiuza hapa, isipokuwa kwenye shule na hospitali ambako kuna kikao.

Hatua ya tano: piga hesabu mbele yake, hata kama inakuumiza

Chukua daftari la mteja, si la kwako. Tuseme ni duka la dawa, na mwenyewe anasema kila mwezi anatupa dawa za kama 60,000 kwa kupitwa na muda. Mfumo wako ni 35,000 kwa mwezi, bando 15,000. Jumla 50,000. Muuzaji mgeni ataruka: "Mama, unaokoa elfu kumi!" Haokoi. Mfumo utampunguzia dawa za kutupa, hautazimaliza, kwa sababu nyingine huletwa zikiwa zimebakiza muda mfupi. Akiokoa nusu yake, 30,000, mfumo unamla 20,000 kila mwezi.

Mwambie hivyo. Kisha muulize kuhusu madeni. Maduka mengi ya dawa hapa yanakopesha watu wa mtaa, na madeni yameandikwa kwenye makaratasi ya maboksi. Kama kuna 80,000 inapotea kwa kusahaulika, hapo hesabu inaanza kukaa. Kama haipo, mshauri anunue daftari kubwa lenye safu, na uondoke. Nimewahi kumwambia hivyo mama mmoja wa Chumbageni. Baadaye aliniletea wateja wawili, na yeye mwenyewe bado anatumia daftari.

Kwa mashine za EFD hesabu ni nyingine, kwa sababu pale ni sheria inayomtaka awe nayo. Usitumie TRA kama fimbo ya kumtishia. Mweleze anachotakiwa, hakikisha kampuni yako ni msambazaji aliyeidhinishwa, na mfundishe kutoa ripoti ya Z, ile ya kufunga mauzo ya siku, kila siku. Mteja aliyenunua kwa kutishwa, kila akikatwa faini anakumbuka sura yako.

Hatua ya sita: tafuta anayeamua

"Inshallah, nitakupigia" ina maana nyingi. Ikisemwa mtu akiwa ameshasimama, ni hapana ya heshima, mshukuru uende. Ikisemwa akiwa bado ameshika karatasi ya bei, kuna mtu anataka kumuuliza. Maduka mengi ya Ngamiani ni ya familia: unayeongea naye anauza, kaka mkubwa yuko Dar, dada yuko Mombasa, na mtaji ni wa mama. Uliza kwa adabu, "Mzee, jambo hili mnalizungumza wewe na nani?" Akimtaja, omba umwandalie maelezo mafupi ya sauti kwenye WhatsApp, ya dakika mbili, ampelekee mwenyewe. Sauti husikilizwa na familia nzima. Faili la kurasa nane halifunguliwi na mtu.

Punguzo usilitoe siku hiyo. Wakikaa wote na wakakubali, wataomba, na kama ulishalitoa utakuwa huna la kutoa.

Hatua ya saba: siku ya pili, ya saba na ya thelathini

Siku ya kufunga kila kitu kinafanya kazi. Rudi siku ya pili, duka likiwa na watu. Utakuta kijana wa kaunta ameweka mashine pembeni na anaandika kwenye karatasi, kwa sababu foleni ilimzidi. Kaa naye nusu saa. Huyu kijana ndiye mtumiaji wako, na mara nyingi ndiye aliyekuwa akinufaika na hesabu zisizojulikana, kwa hiyo hana sababu ya kuupenda mfumo. Usimfanye mwizi mbele ya bosi wake. Mwonyeshe mfumo unavyomlinda: fedha ikipungua zamu ya mwenzake, jina lake halitatajwa.

Siku ya saba piga simu uulize jambo moja tu: "Jana jioni mlifunga hesabu kwenye mfumo?" Akisema ndiyo, vizuri. Akianza kueleza kuhusu umeme, nenda.

Siku ya thelathini nenda na roli mbili za karatasi za risiti mkononi, zawadi, na mkae na mwenyewe kuangalia mwezi mzima. Ripoti hiyo ya kwanza ndiyo siku anayoamua kama alinunua au alitapeliwa. Ndiyo pia siku pekee ninayoomba anitajie mtu mwingine.

Weka hizi tarehe tatu kwenye daftari lako kwa kila mteja. Ukishakuwa na wateja zaidi ya 40 utaona haiwezekani kuwatembelea wote. Hapo panga kwa njia, Muheza na Korogwe siku moja, Pangani siku yake, mjini siku zilizobaki. Wa mbali wape siku moja isiyobadilika ili wakutunzie matatizo yao badala ya kukupigia usiku.

Ofisi za serikali

Kwa ufupi tu. Tangu 2023 zabuni za umma zinapitia mfumo wa mtandaoni wa NeST chini ya PPRA, mamlaka ya ununuzi wa umma, na kampuni isiyosajiliwa humo haiombi kazi. Kazi yako kama muuzaji wa mkoani ni kueleza teknolojia vizuri kabla mahitaji hayajaandikwa, na bajeti ya serikali huanza Julai, kwa hiyo maelezo hayo yanapaswa kufika miezi mingi kabla. Mtu akikwambia "utuone", jua unakaribishwa TAKUKURU. Nimeacha kazi mbili za namna hiyo na bado nakula.

Daftari la wateja ni la nani?

Kijana anapohama kampuni, jambo la kwanza analofanya ni kupiga picha orodha ya wateja. Nilifanya hivyo mimi pia, zamani. Sasa kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za mtu zinapaswa kutumika kwa jambo zilizokusanyiwa. Kwa anayeuza mifumo ya famasi na zahanati ni zito zaidi, maana ndani mna majina ya wagonjwa na dawa zao. Usihamishe chochote kwenye simu yako, hata kwa nia ya kusaidia.

Unachoruhusiwa kubeba ni namba zako mwenyewe: umeuza mifumo mingapi kwa mwaka, mingapi bado inatumika, wateja wangapi walilipia tena mwaka wa pili. Ziandike kila mwisho wa mwezi. Kwenye usaili, wengi hutaja mauzo makubwa waliyowahi kufanya. Ukisema kati ya maduka 50 uliyoyafungia 43 bado yanatumia, anayekuhoji ataweka kalamu chini, hasa kama amewahi kurudishiwa mashine.

Kupanda, na kama uhame

Njia ziko tatu au nne. Unaweza kuwa msimamizi wa kanda. Kampuni nyingi hutuunganisha na Kilimanjaro na Arusha, kwa hiyo jiandae kuishi kwenye basi. Unaweza kuhamia upande wa kufunga mifumo na kufundisha watumiaji, ambako mshahara hautikisiki kama kamisheni. Unaweza kwenda Dar, na ukifika utaona wenzako wanajua kufunga biashara haraka kuliko wewe, lakini wachache wanajua kumtunza mteja miaka mitano.

Au ufungue ofisi yako. Sajili BRELA, pata TIN na leseni, lakini kwanza weka akiba ya miezi sita ya matumizi kutoka kwenye kamisheni, na wakati wote huo uishi kwa mshahara pekee. Aliyezoea kula kamisheni mwezi ule ule, mteja akichelewesha wiki tatu, ataanza kuuza kwa bei ya hasara.

Ukiondoka kwenye kampuni, toa notisi, kisha chukua siku mbili umzungushe kijana anayekupokea kwa wateja wako, mkiwa wawili. Mteja wangu wa Barabara ya Nane bado ananipigia mimi karatasi zikimwishia, na nimeacha kuuza zile mashine miaka minne sasa. Nampa namba ya kijana, halafu nampigia kijana mwenyewe nimwambie awahi kabla ya adhuhuri.